UZI: Ligi Kuu ihamie mtandaoni tuachane na ving'amuzi? Hebu tupige hesabu kwanza

Zabibu Kavu (mleta mada), Dodoma

Wakuu habari za jioni.

Kila msimu ukikaribia lazima atokee mtu afungue uzi kwamba dunia imeshahama, mpira siku hizi ni simu, dishi na kisimbuzi ni mambo ya kizamani, bodi ya ligi itengeneze apu yake tulipie wenyewe mechi kwa mechi. Na watu wanagonga laiki kama wote. Mimi nimekaa na kikokotoo, namwaga hapa nilichopata, mwenye hoja anijibu kwa hoja, asiye na hoja ruksa kutukana.

Tuanze na hela iliyopo mezani. Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, shilingi bilioni 225.6. Gawanya kwa 10 unapata bilioni 22.56 kwa mwaka, kwa hesabu ya kijiweni inatosha. Ligi ina timu 16, mechi 240 kwa msimu. Kwa hiyo kila mechi, iwe Simba na Yanga au iwe timu mbili zinazokimbia kushuka daraja Jumatano saa kumi jioni, imebeba kama milioni 94.

Sasa wewe wa jero kwa mechi, ili ifike milioni 94 unataka watu 188,000 walipe kwenye KILA mechi kati ya hizo 240. Dabi watafika, tena watazidi. Hiyo ya Jumatano nani ataitoa jero yake? Hata mashabiki wa hizo timu zenyewe saa hiyo wako kazini.

Haya, tuseme unalipia kwa mwezi. Weka elfu 5, msimu ni kama miezi 10, elfu 50 kwa kichwa. Ukitoa VAT ya asilimia 18 iliyomo humo inabaki kama 42,373. Ili ipatikane ile bilioni 22.56 tu unahitaji watu laki tano na elfu 32, wote walipe msimu mzima bila kuruka mwezi. Hapo hujalipa kamera, gari la matangazo, watangazaji, seva wala kampuni ya simu inayokukusanyia hiyo elfu 5 na kukata chake. Na sote tunajijua. Mtu atalipa mwezi wa dabi halafu utamtafuta kwa tochi.

Sasa kinachonichekesha kabisa ni bando. Picha ya kawaida inayoonekana vizuri inakula kama megabiti 3 kwa sekunde. Saa moja ni GB 1.35, mechi na mapumziko yake ni saa mbili, GB 2.7. Tuweke GB moja ni elfu mbili, wengine mnanunua ghali zaidi. Mechi moja imekutoka 5,400 na bado hujailipia ligi hata senti, yote imeenda kwenye mtandao wa simu. Ukishusha picha mpaka mpira unauona kama punje ya uwele, megabiti 1 kwa sekunde, bado ni karibu GB moja, 1,800. Wakati hapa Chang'ombe ukitoka nje ya geti kuna banda unaangalia kwa jero kwenye skrini kubwa na kelele za watu.

Watu 60 bandani ni elfu 30. Watu hao hao 60 kila mmoja na simu yake ni laki tatu na elfu 24 za bando. Hela inayotoka mifukoni imezidi mara kumi, na ligi haijaona kitu.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kustrimu hakujafuta gharama ya kumfikishia mtu picha, kumeitoa kwa kituo cha TV na kumtwika mtazamaji. Satelaiti inalipiwa mara moja, waangalie watu elfu moja au milioni mbili bei ni ile ile. Mtandaoni kila kichwa kina mkondo wake na kila mkondo una bei. Msiseme mimi ni wakala wa ving'amuzi, simu ninayo na apu ya Azam Max ninayo, nazungumzia hela.

Karibuni.

Mzee wa Jenereta

Nimesoma mpaka mwisho, leo ndo mara ya kwanza mtu humu ananitetea maana kila siku mnatuita kibanda umiza. Ila hiyo elfu 30 yako sio faida mkuu, kuna kifurushi, kuna petroli umeme ukikatika, kuna kijana wa mlangoni na kuna askari mgambo anakuja kila dabi kuuliza kibali huku macho yako kwenye skrini. Mechi ya Jumatano unayoisema naingiza watu tisa, nane wameingia kukimbia jua.

Mgeni wa SGR

Mleta mada unaongea kama mtu aliyebaki 2010. Wenzetu huko wameshamaliza huu mjadala. NFL, ile ligi ya futiboli ya Kimarekani, mechi za Alhamisi tangu 2022 ziko Amazon na wanalipa kama dola bilioni moja kwa mwaka. YouTube wakachukua kifurushi cha Jumapili cha mechi zisizooneshwa na TV za eneo lako kuanzia 2023, kama bilioni mbili kwa mwaka. Netflix wakaingia na Krismasi 2024. NBA mkataba mpya wa miaka 11 unatajwa dola bilioni 76 na Amazon yumo humo ndani. Hao wote hawajui hesabu, unajua wewe wa Dodoma na kikokotoo?

Zabibu Kavu

Mkuu umenisaidia bila kujua. Amazon anauza nini? Anauza uanachama wa Prime, watu wanunue bidhaa, juu yake anaweka matangazo. YouTube ni Google, mfalme wa matangazo. Hakuna hata mmoja hapo anayetegemea ile ada ya mechi irudishe hela ya haki. Mpira kwao ni chambo, samaki yuko kwingine. Na NBA yenyewe angalia vizuri, Disney na NBC wamo kwenye mkataba huo huo na TV zao, hawakuhama, wamegawa.

Halafu mfano wa MLS, ligi ya soka ya Marekani, ndio unafanana na mnachokitaka. 2022 wakasaini na Apple miaka 10, dola bilioni 2.5, wakaanza 2023, karibu kila kitu kwenye apu moja na unalipia kifurushi cha ligi pekee yake. Na Messi akaja katikati ya mwaka huo huo, bahati gani zaidi ya hiyo? Novemba 2025 wametangaza kile kifurushi kinakufa, kuanzia 2026 mechi zinaingia ndani ya Apple TV ya kawaida, na mkataba umefupishwa uishe msimu wa 2028-29. Kwa nini? Kwa sababu ukiweka ligi nyuma ya ukuta wake wa malipo wanaingia waumini tu. Yule mtu aliyekuwa anabadilisha chaneli akakuta mechi akabaki, huyo hana njia tena ya kukukuta.

kipanga_79

nimeweka kiti

Kebo Nyekundu

Mimi kazi yangu ni mitandao, nyie mnaongea bando mnasahau mnara. Bando hata likiwa bure, antena ya mnara upande mmoja ina uwezo wake na watu wote mtaani wanagawana. Weka watu 200 wa Nkuhungu wote wanastrimu dabi saa moja usiku, kila mmoja anataka megabiti 3, hapo umeshaomba megabiti 600, haupati, apu inashusha picha mpaka namba za mgongoni hazisomeki halafu inaanza kuzunguka. Na usifikiri ni ushamba wetu, Novemba 2024 Netflix walionesha pambano la Mike Tyson na Jake Paul, wenyewe walisema kaya milioni 60 ziliangalia, na malalamiko ya kuganda yalijaa mtandao mzima. Hao wana seva zao ndani ya kampuni za intaneti karibu kila nchi.

Kitu kingine ambacho mleta mada hujakigusa ni ucheleweshaji. Video ya mtandaoni inakatwa vipande vipande vya sekunde kadhaa, mara nyingi 6, na simu yako inaweka akiba ya vipande kama vitatu kabla haijaanza kuonesha, ongeza muda wa kupika picha upande wa mtumaji, unajikuta nyuma ya dishi sekunde 30 hivi. Nyumba ninayoishi mimi jirani ana dishi. Straika wetu bado yuko katikati ya uwanja kwangu, kule ukuta wa pili nasikia wameshapiga kelele na sufuria zinagongwa, naanza kujiuliza ni goli letu au ni lao, mpaka mpira unafika golini nimeshajua kila kitu kwa aina ya kelele. Na nyie wa mikeka ya laivu ndo mmekwisha kabisa, kampuni ya kubeti inapata data kutoka uwanjani, wewe unabeti kwa picha ya nusu dakika iliyopita.

Wanaweza kuipunguza, teknolojia ipo, ila kila sekunde unayoipunguza unapunguza na akiba, mtandao ukiyumba kidogo tu picha inaganda.

Mgeni wa SGR

Sekunde 30 sio sababu ya kuacha maendeleo bana.

Kebo Nyekundu

Waambie waliobeti.

Bi Hesabu

Jamani naomba niingie, mimi ni mhasibu niko Mtumba huku kwenye ofisi za serikali na nimezoea kusoma mikataba. Hamjazungumzia kitu muhimu kuliko vyote: nani amebeba hasara watu wasipolipa?

Mkataba wa haki za TV uzuri wake ni kwamba hela imeahidiwa mapema. Watu waangalie wasiangalie, kampuni inadaiwa. Klabu inajua mwezi fulani kinaingia kiasi fulani, inasajili, inalipa mishahara, inakodi basi. Ukiamua ligi iuze yenyewe mtandaoni umekuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara anakula hasara.

Na hata hiyo ahadi inategemea nani ameahidi. Ufaransa ni somo. 2018 kampuni ya Mediapro iliahidi ligi zao zaidi ya euro milioni 800 kwa mwaka kuanzia msimu wa 2020, Oktoba 2020 wakashindwa kulipa na kabla mwaka haujaisha mkataba umevunjika, klabu zilizokuwa zimeshatumia hela kwenye makaratasi zikabaki zinakopa. Miaka minne baadaye wakaenda kwa DAZN, hawa ni wa kustrimu kabisa, euro milioni 400 kwa mwaka kwa mechi 8 kati ya 9 za kila raundi. Bei kwa mtazamaji ilianzia karibu euro 30 kwa mwezi, ukitaka bila kujifunga mwaka ni karibu 40. Wafaransa wakagoma, wakahamia linki za wizi na Telegram. Msimu mmoja tu DAZN akaondoka. Agosti 2025 ligi yenyewe ikafungua apu yake, Ligue 1+, euro 14.99, na walipata wateja zaidi ya milioni moja haraka tu. Zidisheni wenyewe: milioni moja mara 15 mara miezi 10 ni kama milioni 150 kabla ya kodi na gharama. Kwenye makaratasi walikuwa na 400.

Kwa hiyo Mgeni akisema tuwe na apu yetu, mimi kama mhasibu wa klabu ningeuliza tu mshahara wa Septemba unatoka wapi.

Mlima Zabibu

Dada Bi Hesabu hapo umenigusa, mimi ni wa Dodoma Jiji damu damu, Jamhuri nakaa jua lile lile kila mechi ya nyumbani. Kitu kinachonitisha na hizi apu ni kwamba mtandaoni kila kitu kinahesabika. Kwenye dishi hakuna anayejua kwa uhakika watu wangapi waliangalia Dodoma Jiji, wanakadiria, hela inagawanywa kwa utaratibu mambo yanaenda. Ukiweka apu tu, kesho Simba na Yanga wanakuja na karatasi, wanasema jamani asilimia fulani ya waliobonyeza walibonyeza sisi, tunataka asilimia hiyo hiyo ya hela. Utawajibu nini? Na ligi bila sisi wengine hao wawili watacheza dabi mara 30?

Zabibu Kavu

Hii ya Mlima Zabibu ni hoja nzito na naona watu wanaipita. Takwimu zikishakuwepo lazima mwenye nguvu azitumie, ndo maana kanuni ya kugawana inabidi iandikwe KABLA apu haijawashwa.

jirani wa Ipagala

Sasa nyie mnabishana bure, mbona watu tunaangalia bure Facebook, jamaa anaelekeza simu kwenye TV yake anarusha laivu tunakaa humo elfu tatu elfu nne. Unasikia mpaka mtoto wake analia nyuma na mke anamuuliza chumvi iko wapi.

Bi Hesabu

Na bando unalolitumia hapo ni lile lile kaka, umeilipa kampuni ya simu, mwenye ligi ndo hajapata. Bure iko wapi?

Kebo Nyekundu

Hapo ndo mmefika nilipotaka mfike. Kama hela ya kustrimu Tanzania inaishia kwenye bando, basi mnunuzi wa haki za mtandaoni anajulikana, ni yule anayeuza bando. Acheni Marekani, tuangalie India.

2022 kriketi yao ya IPL iliuza haki za 2023 mpaka 2027, wakatenganisha TV na mtandao vikauzwa mbali mbali kwa mnada. TV ikaenda kwa Disney Star kwa rupia bilioni 235.75, mtandao ndani ya India wakachukua Viacom18 kwa bilioni 237.58. Yaani mtandao umepita TV. Ukijumlisha na vifurushi vingine ni kama dola bilioni 6.2. Na Viacom18 iko kundi la Reliance, wenye mtandao wa simu wa Jio. 2023 wakaonesha BURE kwenye JioCinema. Kwa nini wasioneshe bure wakati kila anayeangalia anakula data? Na data kule ni ya kutupa, ndo maana fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka huo Hotstar, apu ya hao Disney Star, waliwahi kuwa na watu milioni 59 kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mkuu Zabibu hesabu zako ni sahihi ila umemuuliza mtu asiye sahihi. Usimuulize shabiki ana jero. Muulize mwenye minara angelipa bilioni ngapi ili kila dabi iuze GB zake.

Zabibu Kavu

Nakubaliana na hii na naongezea mwisho wa hadithi ya India. Mwishoni mwa 2024 Disney Star na Viacom18 wakaungana, wapinzani wawili wakawa mtu mmoja, Februari 2025 ikazaliwa JioHotstar, na IPL ya mwaka huo ile bure ikawa na mipaka, vifurushi vikaanza rupia 149 kwa miezi mitatu. Bei bado ni ya kistaarabu, ila bure ilikuwepo kwa sababu walikuwa wanagombana.

Sasa rudi kwetu. Mkataba wa sasa utafika mwisho karibu na 2031. Mimi sisemi bodi ijenge apu na sisemi tukae na dishi milele. Ningeshauri wafanye kama wale wa IPL, TV kapu lake na mtandao kapu lake, mnada wa wazi, Azam aingie yote mawili akitaka, makampuni ya simu yaingie, Canal+ ambao Septemba 2025 wameshainunua MultiChoice, wenye DStv, nao waje. Kila kapu liwe na kiwango cha chini kinacholipwa kwa tarehe, na dhamana ya benki, ili yasitukute ya Mediapro. Na kwenye kapu la mtandao iandikwe kabisa bei ya bando la mpira, sio tunauziwa haki halafu GB inapanda siku ya dabi.

Mgeni wa SGR

Sasa hapo si umekubali ihamie mtandaoni? Tulikuwa tunabishana nini kurasa zote hizi

Zabibu Kavu

Tulikuwa tunabishana nani alipe.

Mzee wa Jenereta

Mmegawana makapu wawili mmemaliza, na sisi wa mabanda tuko kapu gani? Maana huo mnaoita mtandao wa watu wengi kwa picha moja sisi tunaufanya tangu zamani, benchi nane na skrini moja. Bando likishuka sana ni kweli vijana watabaki na simu zao vitandani. Ila mpaka hapo watu wanatuangalia kama wezi.

Bi Hesabu

Mzee hapo una hoja ya kisheria kabisa. Uingereza baa haiangalii mpira kwa kifurushi cha nyumbani, Sky, kampuni ya TV ya kulipia ya huko, wana bei ya biashara na wanaipanga kwa kuangalia thamani ya jengo lenyewe. Ni ghali, mpaka kuna mama mmoja mwenye baa Portsmouth alinunua kadi ya kisimbuzi cha Ugiriki akimbie hiyo bei, kesi ikafika mahakama ya Ulaya mwaka 2011. Huku kwetu ingewezekana leseni ya banda, bei ndogo, banda linasajiliwa kwa kata, hela inaingia kwenye lile kapu la TV. Mabanda ya Dodoma peke yake, ukienda Bahi, Kongwa, Mpwapwa kila kijiji chenye umeme utalikuta, ni wateja wengi kuliko tunavyodhani na hawakimbii baada ya dabi.

Mzee wa Jenereta

Dada elfu 30 kwa mwezi nalipa hata kesho asubuhi, na bango la leseni nabandika mlangoni mgambo alisome mwenyewe. Sharti langu ni moja tu, risiti itoke kwa jina la banda, maana kisimbuzi hiki kimesajiliwa kwa jina la mke wangu na kila tukigombana anatishia kukizima.

Bi Hesabu

Elfu 30 na VAT juu yake, au unataka VAT iwe humo humo?